Katuni na Dharau ya Wasomi

Wako wenzetu chuoni wanaodai kwamba katuni ya gazeti haistahili kuwekwa juu ya meza ya msomi. Mimi, niliyeipenda Peanuts tangu utotoni, nawapinga. Charles Schulz aliichora kwa mkono wake mwenyewe, bila msaidizi, tangu Oktoba 1950 hata Februari 2000. Kwa miaka mingi alijifunga kwa picha nne kila siku, kama malenga ajifungavyo kwa mishororo minne. Mbona malenga tumwite mtunzi, na Schulz mchekeshaji tu? Charlie Brown hukimbia aupige mpira, Lucy huunyakua, naye huanguka chali. Mwaka ufuatao humwamini tena! Mwanafunzi wangu aliomba kuitafiti imani hiyo, akachekwa kikaoni. Waliomcheka hawakuwa wamesoma hata picha moja.