Manowari Zilizofufuliwa Mezani

Mvua ya Jumapili iliyopita ilitufungia ndani tangu adhuhuri. Mpwa wangu, kijana wa kidato cha pili tunayeishi naye, alinialika mbele ya kompyuta tucheze mchezo wa vita vya Bahari ya Pasifiki. Yeye akawachukua Wajapani, mimi nikaachiwa Wamarekani.

Mchezo huo si wa kufyatua risasi ovyo. Unakwenda kwa zamu, kama bao: unafikiri, unacheza, kisha unangoja uone umevuna nini. Katika zamu yetu kila mmoja alituma ndege za upelelezi kumtafuta mwenzake chini ya mawingu. Hapo ndipo penye siri ya vita vya manowari za kubeba ndege. Meli za pande mbili hupigana bila ya kuonana, zikiwa mbali kwa mamia ya kilomita. Amwonaye mwenziwe kwanza na kurusha ndege zake mapema ameshika nusu ya ushindi. Aliyechelewa hukutwa na ndege zilizosheheni mafuta na mabomu, naye huwa amekalia pipa la petroli.

Kijana alikutwa hivyo. Kompyuta ikapiga hesabu zake, na manowari zake mbili zikazama. Akanyamaza kidogo, akabonyeza mahali fulani, na mara zamu ikarudi mwanzo: manowari zinaelea, bahari shwari.

"Mjomba, ile haihesabiwi," akasema. "Ilikuwa bahati yako tu."

Nilicheka, kwa kuwa mchezo huo uliwahi kuchezwa na watu wazima wenye nishani vifuani. Mwanzoni mwa Mei 1942, maofisa wa jeshi la majini la Japani walikusanyika ndani ya manowari Yamato kufanyia mazoezi mezani mpango wao wa kukiteka kisiwa cha Midway. Okumiya Masatake, aliyekuwa mwamuzi, alisimulia baada ya vita yaliyotokea. Ndege za Marekani kutoka kisiwani zilizishambulia manowari za Japani. Dadu ikarushwa, ikatoa mapigo tisa. Manowari Akagi na Kaga zikahesabiwa kuwa zimezama. Hapo Admirali Ugaki Matome, aliyesimamia mazoezi, akaamuru mapigo yawe matatu tu. Kwa hiyo Kaga ikazama na Akagi ikapata jeraha dogo. Na hata hiyo Kaga, ilipofika sehemu ya pili ya mazoezi, ilifufuliwa ikaendelea na safari.

Tusimwonee marehemu. Dadu si mganga wa kutabiri, na yawezekana Ugaki aliamini kwa dhati kwamba mapigo tisa yalizidi kiasi. Lakini swali lililoulizwa na dadu ile lilikuwa la haki: je, tukishambuliwa kabla hatujajua adui yuko wapi, tutafanya nini? Kulifuta jibu kulikuwa rahisi kuliko kulitafutia dawa.

Mwezi mmoja baadaye, tarehe 4 Juni 1942, swali likarudi, na safari hii mezani hapakuwa na mwamuzi. Wamarekani walikuwa wamezifumbua baadhi ya siri za mawasiliano ya Japani, na manowari zao tatu, Enterprise, Hornet na Yorktown, zilikwisha jificha zikingoja. Upelelezi wa Wajapani ulikuwa hafifu. Ndege moja ya kupeleleza, ya manowari Tone, iliruka ikiwa imechelewa nusu saa hivi. Huku nyuma mafundi wa Admirali Nagumo walikuwa wakibadilisha silaha za ndege zao, mara topido, mara mabomu, mara topido tena.

Wamarekani nao walilipa. Kikosi kimoja cha Hornet, ndege 15 zenye watu 30, kilitunguliwa chote. Akaokoka mtu mmoja. Lakini yapata saa nne na dakika ishirini asubuhi, wengine wakateremka kutoka juu mawinguni. Kwa dakika chache tu Akagi, Kaga na Soryu zikawa ndimi za moto. Hiryu iliijeruhi Yorktown, kisha nayo ikapigwa jioni. Zote nne zikaenda chini, wala hapakuwa na wa kuzifufua.

Habari hii si ya mbali na kwetu kama inavyodhaniwa. Mwezi Aprili wa mwaka uleule, Akagi, Soryu na Hiryu zilikuwamo katika msafara ulioshambulia Ceylon na kuzizamisha manowari kadhaa za Waingereza, nao wakaondoa sehemu ya meli zao hadi Kilindini, Mombasa. Nguvu iliyotikisa Bahari ya Hindi ndiyo iliyofikia mwisho wake Midway, miezi miwili baadaye.

Nilipofika hapo nilijiona mwalimu hodari. Mke wangu, aliyekuwa akichambua mchele, akaniuliza kwa upole: "Baba watoto, na ile Kaga ya kwenye daftari letu?"

Ndugu msomaji, nilishikwa. Mwisho wa mwezi tulipopanga matumizi, fedha zilipungua. Nami, badala ya kukubali, nilipunguza nauli kwa kalamu, nikaongeza malipo ya makala ambazo mhariri hajaniahidi. Daftari likawa sawa. Fundi seremala nikamthibitishia viti vipya.

Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Nilidhani methali hiyo inahusu adabu ya uwanjani. Sasa naona inahusu pia kalamu na daftari, maana anayejipunguzia mapigo kwenye karatasi hajiandai kuyapokea yatakapokuja kweli.

Jioni ile tuliandika nauli kamili, tukafuta fedha za ndotoni, na viti vikaahirishwa. Haikuwa furaha, lakini karo ya kijana ilibaki mahali pake. Yeye naye alirudi kwenye zamu yake. Alituma wapelelezi kwanza, akachelewesha mashambulizi, akapoteza manowari moja badala ya mbili.

Akaiangalia ikizama, akatoa mkono kwenye kompyuta.

"Zamu yako, Mjomba."