Kodi za hoteli: msafiri aambiwe bei kamili mbele ya kupanda ndege

Mfanyabiashara anayetoka Butembo, Bukavu ao Lubumbashi kwenda Dubai kununua vitambaa, simu ao vipuri vya gari huhesabu feza zake mara mbili: tiketi, viza, hoteli, chakula na usafirishaji wa mzigo. Lakini hesabu hiyo mara nyingi huharibikia kwenye mapokezi ya hoteli.

Tangu mwisho wa mwezi Machi 2014, Dubai inatoza kodi inayoitwa Dirhamu ya Utalii. Inalipwa kwa kila chumba na kila usiku: dirhamu 7 katika hoteli ya nyota moja, 10 kwa nyota mbili na tatu, 15 kwa nyota ine, 20 kwa nyota tano. Juu yake kuna 7 kwa mia za manispaa, TVA ya 5 kwa mia iliyoanza mwaka 2018, na mara nyingi 10 kwa mia za huduma.

Mfano ni huu. Chumba cha nyota tatu kule Deira kimetangazwa kwa dirhamu 200, bila kodi ndani. Ukijumlisha yote, kinapita dirhamu 250. Kwa usiku kumi, nyongeza inafika karibu dola 147. Kwa tajiri si kitu. Kwa mama aliyesafiri na feza za likelemba, hiyo ni bidhaa ambayo haitafika sokoni, na deni ambalo litamngojea nyumbani.

Hakuna anayeinyima inchi haki ya kutoza kodi. Mgeni hutumia barabara, maji na usalama wa muji. Ni haki achangie. Tena kodi ya Dubai inajulikana, na kiasi chake kimewekwa wazi. Shida ni bei inayotangazwa nusu, na nusu ingine inatokea wakati msafiri ameisha kufika na mzigo mkononi, hana pa kwenda.

Marekani imeanza kurekebisha jambo hilo. Tangu tarehe 12 Mei 2025, hoteli zinalazimishwa kuonyesha tangu mwanzo bei yenye malipo yote ya lazima ya hoteli yenyewe, hata kama kodi za serkali zinaweza kuongezwa baadaye. Si dawa kamili, lakini ni hatua.

Na Kongo je? Anayelalamika kwa sababu ya Dubai aangalie pia nyumbani. Msafiri wa inje anayepitia viwanja vyetu vya ndege anakutana na Go Pass, na hotelini TVA ni 16 kwa mia. Mgeni asiyeelezwa mapema hataona kodi. Ataona wizi, na hatarudi.

Dawa haihitaji feza nyingi. Ajansi za safari ziandike bei ya mwisho kwenye karatasi wanayompa mteja. Vyama vya wafanyabiashara vieleze wanamemba wao mbele ya safari. Hoteli zetu zibandike kwenye mapokezi kila kodi kwa jina na kiasi chake, na zitoe fakture. Naye msafiri, mbele ya kulipa, aulize neno moja: bei hii ni ya mwisho?

Kodi inayojulikana mapema hupangiwa bajeti. Kodi inayofichwa hula mtaji.