SHUKA LA MGONJWA: TUHESABU WAJIBU KABLA YA KUHESABU WEZI



Mama mjamzito atokaye Mtae au Mlola kwenda kujifungua hospitalini hubeba fuko. Ndani yake mna khanga mbili tatu, mpira wa kutandika kitandani, beseni na sabuni. Sera ya afya ya nchi yetu inasema huduma za wajawazito ni bure; lakini nguo atakayolalia ameitoa nyumbani, na itafuliwa na dada yake au mama mkwe wake. Tumelizoea jambo hili hata tukaliona la kawaida. Si la kawaida. Aliyelazwa juu ya kitanda kisicho na shuka amepewa nusu ya huduma.

Tunayasema haya kwa sababu duniani leo kuna chombo kinachosifiwa kuwa dawa ya upotevu wa mashuka hospitalini. Ni chipu ndogo iitwayo RFID, ishonewayo ndani ya upindo wa shuka. Haina betri, hupata nguvu kutokana na mawimbi ya redio ya mashine inayoisoma. Kila shuka huwa na namba yake, na mashine iliyowekwa mlangoni huweza kusoma mashuka mengi kwa mara moja, yakiwa bado ndani ya gunia. Chipu hizo hustahimili kufuliwa mara 200 hivi.

Hatukipingi chombo chenyewe. Muuguzi asiyelazimika kuhesabu kwa mikono mashuka yenye damu na usaha amekingwa na maambukizi. Shuka lililochakaa hujulikana, na lililofichwa stoo hupatikana. Tunachopinga ni fikra inayotangulia chombo hicho: kwamba mashuka yetu ni machache kwa sababu maskini ni wezi.

Tuangalie chombo hiki kinatumikaje kwingine. Katika Ulaya na Marekani hospitali nyingi hukodi mashuka kwa makampuni ya kufulia, na chipu hutunza hesabu baina ya kampuni na hospitali. Huko swali ni: shuka limekwenda wapi? Kwetu, katika wodi nyingi, swali ni: shuka lilinunuliwa lini? Je, khanga ya yule mama wa Mtae nayo tutaishonea chipu?

Wenye kuijua milima ya Usambara wanafahamu na jambo la pili. Mji wa Lushoto uko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti baridi na ukungu hutawala, na nguo iliyoanikwa asubuhi yaweza kufika jioni ikiwa bado mbichi. Kitanda kimoja huhitaji walau jozi tatu za mashuka: ya kwanza iko kitandani, ya pili inafuliwa, ya tatu iko kabatini. Penye ukungu hata tatu hazitoshi. Basi mashuka yakikosekana wodini mwezi wa Julai, asitangulie kushtakiwa mgonjwa. Huenda yako kambani, yanangoja jua.

Wala chipu haifui. Miongozo ya Uingereza hutaka nguo za hospitali zifuliwe katika joto la nyuzi 71 kwa muda usiopungua dakika 3, ili vijidudu vife. Hilo lataka maji, nishati, na mtumishi mwenye glavu na buti. Namba yaweza kutueleza kuwa shuka limepita chumba cha kufulia. Haiwezi kutueleza kuwa maji yalikuwa ya moto.

Mfano uko karibu. Bohari ya Dawa iliundwa kwa sheria ya mwaka 1993, na dawa za Serikali huwekewa alama ya GOT ili zisiuzwe madukani. Alama hiyo ina kazi yake njema, lakini haijazi kabati tupu: mara nyingi mgonjwa bado huandikiwa cheti akanunue dawa dukani. Ndivyo itakavyokuwa kwa shuka.

Mwaka huohuo wa 1993, mwezi wa Julai, ulianza utaratibu wa kuchangia gharama katika hospitali za Serikali. Tangu hapo mgonjwa ni mlipaji, na mlipaji ana haki ya kuonyeshwa hesabu. Tunahofu isije siku mashine ya mlangoni ikalia, mzee akapekuliwa mbele za watu, au deni la shuka likaongezwa katika bili ya anayesubiri ruhusa ya kwenda nyumbani. Kumfanya mtu mtuhumiwa siku anayotoka kitandani ni kumvunjia utu wake.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu, chipu ije au isije. Kwanza, kila hospitali ibandike ukutani idadi ya vitanda, mashuka na mablanketi yake. Na sisi wa makanisa tunaomiliki hospitali tuwe wa kwanza. Pili, fedha za sabuni, maji ya moto na banda la kuanikia zitangulie fedha za mashine ya kusoma namba. Tatu, shuka lililopotea lisiwe deni la mgonjwa.

Daftari na kalamu vinatosha kuanza.

Maswali ya kujadili katika jumuiya:
1. Mgonjwa wa mwisho tuliyemtembelea hospitalini alilalia shuka la nani?
2. Nani alilifua, na kwa maji gani?
3. Ni nani kati yetu atakayekwenda kwa kamati ya hospitali kuomba hesabu hiyo, na lini?