Lita ya Asali Si Kilo



Mwaka jana mzee mmoja wa darasa letu la kisomo, hapa mkoani Tabora, aliuza asali yake. Alikuwa na debe moja la lita 20. Mnunuzi alimwambia, "Mzee, nanunua kilo moja kwa shilingi 10,000. Debe lako ni lita 20, basi ni kilo 20. Chukua shilingi 200,000." Mzee alipokea fedha, akashukuru, akaenda zake.

Mimi nasema mzee yule alipunjwa. Kusoma anajua. Hata jina lake aliliandika mwenyewe kwenye stakabadhi. Alipunjwa kwa sababu aliamini kuwa lita na kilo ni kitu kimoja.

Lita ni kipimo cha ujazo. Kilo ni kipimo cha uzito. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Hapo ndipo wengi wetu hukosea. Asali ni nzito kuliko maji. Tia tone la asali katika bilauri ya maji. Utaliona likizama hadi chini.

Lita moja ya asali iliyoiva ina uzito wa kilo 1 na gramu 400 hivi. Tuandike kilo 1.4. Sasa tupige hesabu:

Nusu lita ni gramu 700.
Lita 1 ni kilo 1.4.
Lita 5 ni kilo 7.
Lita 20 ni kilo 28.

Basi debe la mzee lilikuwa na kilo 28. Kilo 8 zilikwenda bure. Hizo ni shilingi 80,000, jasho la usiku mzima wa moshi na kuumwa na nyuki.

Jikoni pia kuna hasara. Mama mmoja wa darasa hilo alipika keki ya asali. Maelezo yalisema atie asali gramu 350. Alichukua kikombe chenye mistari ya mililita, akajaza mpaka 350. Kumbe alitia gramu 490! Keki iliungua juu, ndani ikabaki mbichi. Angegawa 350 kwa 1.4 angepata mililita 250. Hicho ndicho kipimo alichotakiwa kutia.

Wako wanaosema, "Debe ndilo kipimo cha wazee wetu. Tuliache lilivyo." Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Kama bei ni ya debe, piga hesabu ya debe. Kama bei ni ya kilo, asali lazima ipande kwenye mizani. Mnunuzi akifika mjini atauza kwa kilo. Kwa nini sisi tumuuzie kwa macho?

Maoni yangu ni haya. Wafuga nyuki wa kila kijiji wachange fedha, wanunue mizani moja. Mizani hiyo ikaguliwe na Wakala wa Vipimo. Kwanza pimeni debe tupu. Kisha pimeni debe lenye asali. Toeni uzito wa debe tupu, mtapata uzito wa asali yenyewe.

Kabla mizani haijapatikana, andika ukutani: lita mara 1.4 ni kilo. Mnunuzi akija, mwonyeshe hesabu hiyo kabla hujapokea fedha.