Matone Matatu Kabla ya Safari

Mzee mmoja wa tuktuk hapa Malindi alinionyesha kichupa. Kidogo, cha kioo cha kahawia, kifuniko chake kina mpira wa kudondoshea. Alipewa na mgeni wake wa miaka mingi, Muitaliano ambaye kila msimu akija hakubali kubebwa na mtu mwingine. Mgongo wa mzee unauma, na sijui ni nani aliyekalia tuktuk miaka kumi na tano ukabaki mzima. "Matone matatu chini ya ulimi," aliambiwa, "wala usiogope, si bangi."

Akanipa nimsomee lebo. Ilikuwa na herufi tatu kubwa, CBD, na picha ya jani ambalo askari yeyote wa trafiki, toka Mtwapa hadi Mambrui, angelitambua hata gizani.

"Sasa mwanangu, nikitia hii naweza kuendesha?"

"Baba, nipe siku mbili," nikamwambia. Haya ninayoandika ndiyo niliyomrudishia, na nayaleta kwenu kwa sababu kichupa kile hakiko peke yake. Waitaliano tumeishi nao tangu siku za mitambo ya San Marco kule Ngomeni, miaka ya 1960, na zawadi zao huishia kwa madereva, kwa watunza bustani, kwa walinzi wa usiku. Zamani ilikuwa saa na miwani. Siku hizi ni matone, peremende laini na mvuke wa kuvuta.

Mgeni hakusema uongo, alisema nusu. CBD ni kemikali moja kati ya nyingi zilizomo kwenye mmea wa bangi. Inayompandisha mtu stimu ni nyingine, iitwayo THC. Mwaka 2020 watafiti wa Uholanzi na Australia walitoa majibu ya jaribio la madereva 26 waliovutishwa mvuke kisha wakaendesha gari halisi kwenye barabara kuu, mwalimu wa udereva akiwa ubavuni. Waliovuta bangi yenye CBD nyingi waliendesha sawa na waliovuta mvuke usio na kitu. Waliovuta yenye THC waliyumba ndani ya njia yao, dakika 40 hadi 100 baada ya kuvuta. Saa nne baadaye tofauti ile haikuonekana tena. Australia nako watu walimezeshwa CBD, wengine hadi miligramu 1,500, wakawekwa kwenye mtambo wa kuigiza udereva, na uendeshaji wao haukuharibika.

Nilipofika hapo mzee alitabasamu, akaanza kufungua kifuniko. Nikamshika mkono.

Kwa maana watafiti wale walijua wanachowapa watu. Wewe baba unajua kilichomo humu? Mwaka 2017 jarida kubwa la madaktari wa Marekani lilichapisha uchunguzi wa bidhaa 84 za CBD zilizonunuliwa mtandaoni. Ambazo lebo zake zilisema kweli kuhusu kipimo zilikuwa asilimia 31 tu. Bidhaa 18 zilikutwa na THC ndani. Yaani karibu moja katika kila tano ilikuwa na kile kile ambacho mnunuzi alidhani amekikwepa. Na huko ni Marekani, kwenye maabara kila mji. Kichupa kilichovuka bahari ndani ya sanduku la nguo, kikashinda wiki mbili kwenye joto la dashibodi, mimi sitakiwekea dhamana.

Kuna na usingizi. Dawa ya kifafa iitwayo Epidiolex, ambayo ni CBD safi iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018, imeandikwa wazi kwamba huweza kumletea mtumiaji usingizi, na kwamba asiendeshe gari mpaka ajue inamfanyaje. Usingizi huo huzidi mtu akiwa anatumia dawa nyingine za kutuliza, kwani CBD hulizuia ini kuzisaga baadhi ya dawa kwa kasi yake ya kawaida. Dawa nyingine inabaki mwilini kwa wingi kuliko daktari alivyokusudia. Mzee wangu ana vidonge vyake. Wapo vijana wetu wanaoendelea na methadoni, dawa ya kuwatoa kwenye heroini, huduma inayotolewa hospitali ya Malindi tangu 2015, na wengine wao wamepata riziki kwenye bodaboda. Kijana wa namna hiyo akipewa matone "ya kutulia" na rafiki, hapaswi kuyagusa kabla ya kuongea na kliniki yake. Hili nalisisitiza kuliko mengine yote ya kitabibu humu.

Huko ng'ambo kichupa kilikotoka, dereva ana mtu wa kumkagua. Jimbo la Victoria, Australia, lilianza mwaka 2004 kuwasimamisha madereva barabarani na kuwapima mate kutafuta dawa za kulevya. Uingereza, tangu Machi 2, 2015, ina kiwango cha THC kwenye damu, mikrogramu 2 kwa lita, na ukikizidi una kesi hata kama ulikuwa umenyooka kama mstari. Italia kwenyewe ilibadilisha sheria ya barabara Desemba 2024: iliondoa maneno yaliyodai dereva awe amelewa dawa, ikaandika tu kwamba aliendesha baada ya kuitumia. Miezi michache baadaye, mwaka 2025, wakapiga marufuku biashara ya maua ya bangi yao iitwayo nyepesi, yenye THC kidogo. Na kijiti cha kupimia mate hakitafuti CBD hata kidogo. Kinatafuta THC, ile ile iliyojificha kwenye chupa moja katika tano. Kwa hiyo mgeni anayetuambia "kwetu inauzwa dukani" angefikiri mara mbili kabla ya kushika usukani wake mwenyewe. Sidhani kama ana nia mbaya. Akiwa likizo mtu husahau sheria za kwao, sembuse zetu.

Zetu zikoje? Alkobulo tunaijua wote. Inapima pombe kwenye pumzi, mpaka wake mikrogramu 35 kwa mililita 100, na aliyetoka mangweni na mnazi wake itamnasa bila taabu. Lakini bangi haiioni. Vidonge vya bugizi haivioni. Muguka haiuoni, wala hayo matone. Asidanganyike mtu kwamba sheria nayo ni kipofu kama mashine: kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki kinataja pombe au dawa, bila kuzitaja dawa zenyewe kwa majina, na kinachouliza ni kama umeshindwa kulimudu gari. Sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1994 nayo haikuitengea CBD mlango wake. Kwa hiyo mzee akikutwa na lile jani kwenye lebo, mafunzo ya kemikali atayatoa akiwa kituoni, na tuktuk imelala uani.

Lakini nisijifanye nazungumzia matone peke yake, wakati barabara yetu inajulikana inakimbizwa na nini. Kutoka Malindi hadi Mombasa ni kilomita kama 120, na dereva wa matatu huzipiga kwenda na kurudi, akaanza tena, huku hesabu ya mwenye gari ikimngoja jioni. Anatafuna muguka ili macho yasifunge. Saa za mwanzo ni mchangamfu, anapita magari Vipingo kama aliyetumwa. Balaa huja handasi, ile stimu ya muguka, inapokata: mwili unadai usingizi wote uliokopwa, kwa mara moja, na unaudai mahali popote, hata kwenye kona ya msitu wa Arabuko-Sokoke.

Mei 2024 Gavana Gideon Mung'aro aliupiga muguka marufuku Kilifi, siku zile zile ambazo Mombasa na Taita Taveta walifanya hivyo. Haikuchukua muda Rais Ruto akasema marufuku hiyo haina nguvu, na Mahakama Kuu ya Embu ikaisimamisha. Mimi siingilii ugomvi wa mkulima wa muguka kule Mbeere na mzazi wa Majengo huku pwani. Kila mmoja ana watoto wa kulisha. Ninachokiona ni kwamba amri ilikuja ikaondoka, na dereva yule yule akaamka alfajiri akawasha gari lile lile. NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ilihesabu zaidi ya watu 4,000 waliokufa kwenye barabara za Kenya mwaka 2023, na tena zaidi ya 4,000 mwaka 2024.

Siku moja vijiti vya mate vitafika na hapa. Vikija, nawaomba wabunge wetu wa pwani waulize swali moja kabla ya kupiga makofi: aliyevuta juzi na aliyelewa sasa hivi, mtawatofautisha vipi? Maana alama ya THC hubaki hata stimu ikiwa imekwisha, na tunajua nani atakayeombwa chai pale kwenye kizuizi. Hilo ni la kesho.

La leo liko mikononi mwetu. Mwenyeji wa nyumba ya wageni Watamu, mwambie mgeni wako kwa upole asimpe dereva dawa ambayo daktari hakumwandikia. Noti inatosha, na inaponya mgongo vilevile. Muuza dawa wa Mnarani, ukiulizwa habari za matone hayo, nawe muulize mtu anafanya kazi gani na anameza nini kingine. Viongozi wa vyama vya matatu, mnajua bila kipimo chochote ni dereva gani hajalala tangu juzi. Mpeni mwenzake usukani. Wenye magari, punguzeni hesabu siku ya tatu ya mfululizo. Gari likipinduka hesabu hamtaipata.

Mzee wangu kichupa alikirudisha. Mgeni hakukasirika, alicheka tu, na mgongo sasa unatibiwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, polepole.

Nawe abiria, ambaye jioni hii utakuwa stendi ya Malindi na mkoba wako mapajani: kabla kondakta hajapiga bodi kofi, mwangalie dereva machoni, umsalimu, umuulize amelala saa ngapi na ametumia nini. Kama jibu halikukuridhisha, shuka. Nyuma yake kuna gari jingine linajaza.