Hisabati Itoke Kabatini

Kilwa ilijua hesabu tangu kale. Masultani wake walitengeneza sarafu zao wenyewe za shaba, na dhahabu ya Sofala ilipitia bandarini mwake. Leo vijana wa pwani hiyo hiyo, kama wenzao nchini kote, wanaiogopa hisabati. Katika mtihani wa Kidato cha Nne wa mwaka 2023, ni takriban robo tu ya watahiniwa waliofaulu somo hilo.

Huko Marekani, tangu mwaka 2002, chuo cha MIT kimekuwa kikitoa masomo yake bure kwa intaneti. Maprofesa wetu wa hisabati nao hawana budi kufanya hivyo. Kila mmoja awe na tovuti yake, aweke humo mihadhara, mazoezi na majibu yake, pamoja na tafiti zake, na awaeleze walimu kwa Kiswahili fasaha. Mwalimu mmoja wa Kilwa Masoko akipakua somo na kulichapa, darasa zima litafaidika.

Vyuo vikuu vya umma huendeshwa kwa fedha za wananchi, akiwamo mkulima wa korosho wa Lindi. Elimu inayofungiwa kabatini haimlipi mkulima huyo deni lake.