Neno kwa Wasemao, "Amekwisha Kupimwa"

Iko desturi katika vijiji vyetu vya Tanzania ambayo sisi waalimu twaona imetupasa kuipinga waziwazi. Mwanamke mwenye mimba ya kwanza huenda kliniki mara mbili tatu, huambiwa kwamba yeye na mtoto hawajambo, naye hurudi na kadi yake. Basi mimba ikifika mwezi wa nane, wakubwa wa nyumba husema, "Amekwisha kupimwa, yatosha. Tumbo limekuwa zito na njia ni ndefu. Na akae angoje siku yake." Wasemapo hivyo hudhani wamemhurumia. Sisi twasema wamemwacha peke yake mahali penye hatari kuliko njia yote aliyokwisha kupita.

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba kila mja mzito apimwe mara 8: kwanza kabla juma la 12 halijapita, kisha katika juma la 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Mwenye kuhesabu na ahesabu. Mara 4, yaani nusu ya zote, zimewekwa katika majuma 7 ya mwisho. Je, ziliwekwa huko bure?

Sababu ya kwanza ni kifafa cha mimba. Ugonjwa huu huwapata wenye mimba ya kwanza kuliko waliokwisha kuzaa, na mara nyingi hutokea katika miezi ya mwisho. Nao hunyemelea kimya. Nguvu ya damu mishipani, iitwayo presha, huweza kufika 140 kwa 90 na kupita, na mwenyewe angali akipika na kuteka maji kama siku zote. Kipimo cha mwezi wa sita hakiwezi kutoa habari za mwezi wa tisa. Mshipi ufungwao mkononi na mkojo kidogo kikombeni ndivyo vionyavyo mapema. Na dawa iko: mwaka 2002 uchunguzi uliofanywa kwa wanawake wapatao 10,000 katika nchi 33 ulionyesha kwamba sindano ya magnesiamu salfeti hupunguza hatari ya kifafa hicho kwa zaidi ya nusu. Lakini atapewaje dawa mtu ambaye ugonjwa wake haukujulikana?

Sababu ya pili ni mlalo wa mtoto. Katika mwezi wa saba mtoto bado hugeukageuka. Karibu na juma la 36 ndipo mkunga, akipapasa tumbo, aweza kujua kama kichwa kimeelekea chini. Watoto 3 au 4 katika 100 hufikia siku za kuzaliwa wametanguliza matako. Ajulikanaye mapema hupelekwa hospitali, na pengine daktari humgeuza kwa mikono juu ya tumbo. Ajulikanaye usiku wa uchungu hutafutiwa gari gizani.

Husemwa, "Bibi zetu walizaa bila vipimo." Ni kweli, lakini wasemao hayo ni wajukuu wa waliopona. Waliokufa katika uzazi wa kwanza hawakuacha wajukuu wa kuwasemea. Wengine husema, "Twamwachia Mungu." Lakini mkulima amwombaye Mungu mvua halali nyumbani wakati wa kupanda. Wengine huona haya binti yao kushikwa tumbo na mgeni. Hao na wakumbuke neno la wahenga: mficha uchi hazai.

Wako pia wampelekao kwao akazalie kwa mama yake. Desturi hiyo hatuitukani, maana yampa mwali faraja. Lakini mara nyingi kadi hubaki kwa mume, na huko aendako hakuna mkunga ajuaye habari za mimba yake. Na aende na kadi, na juma lile lile afikapo ahudhurie kliniki ya huko.

Husemwa tena kwamba nauli ni ghali na foleni ni ndefu. Hatukatai, nao wauguzi wamwachao mja mzito asimame juani wastahili lawama. Lakini mume awezaye kuweka akiba ya sherehe ya mtoto, ashindwaje kuweka nauli ya safari nne?

Basi, enyi waume, hesabuni majuma pamoja na wake zenu. Enyi mama wakwe, msiwazuie. Naye akiumwa sana na kichwa, au macho yakiona ukungu, au uso ukivimba ghafula, au akitokwa na damu, au mtoto akipunguza kucheza, asingoje siku iliyoandikwa katika kadi: na apelekwe saa ile ile. Aliyepimwa jana ajua habari za jana tu.